Jina Ambalo Mzee Wilbroad Hakulisema

Adelina hakujua kutulia. Chakula alikula amesimama, uwanja aliufagia mbiombio, na hata kanisani mguu wake wa kulia uligongagonga sakafu mpaka mama mdogo Magreth amfinye. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mfungaji wa timu ya netiboli ya watoto wa mtaa wa Isevya, na likizo ilikuwa imemchosha kabla haijafika katikati.

Ijumaa asubuhi, vyombo vilipokwisha kuoshwa, mama mdogo alimwambia, "Vaa viatu. Leo unanisaidia ofisini."

"Lakini mama mdogo, mechi yetu na Cheyo ni saa kumi!"

"Tukimaliza mapema utaiwahi."

Magreth alifanya kazi katika chama cha akiba na mikopo cha wafugaji nyuki. Siku hizi wanachama waliomba akaunti kwa simu zao wenyewe, ila wengi walianza kujaza, wakafika mahali, wakaacha. Maombi ishirini na tisa yalikuwa yameishia njiani, na yangefutwa yote saa kumi na moja jioni. Siku hiyo hiyo Magreth alikuwa anamaliza miezi mitatu ya majaribio. Asipoajiriwa, wangefungasha na kurudi Ziba kwa bibi, na Adelina angeiaga shule yake na timu yake.

Meneja, Bwana Omari, alikubali kwa shingo upande mtoto aguse simu ya ofisi.

"Wewe utauliza na kuandika kwenye karatasi," Magreth alimwelekeza. "Mimi nitaingiza kwenye kompyuta. Andika anachosema mwenyewe tu. Asiposema, acha wazi."

"Sawa."

Kazi ikaanza. Mmoja alikuwa amesahau namba yake ya kitambulisho, mwingine simu ilimzimikia katikati. Mama mmoja wa Lusu alitaka kwanza kueleza jinsi ng'ombe wa jirani walivyomlia mahindi, na Adelina akamsikiliza huku akipindapinda waya wa simu. Saa tisa lilibaki ombi moja, la Mzee Wilbroad, fundi wa mizinga wa pale pale Isevya. Alikuwa amejaza kila kitu isipokuwa jina la mrithi, yaani mtu atakayepewa akiba yake siku akifariki.

"Shikamoo babu. Napiga kutoka kwenye chama. Mrithi wako tumwandike nani?"

"Marahaba." Nyundo iliyokuwa ikigonga upande wa pili ikanyamaza. "Hapo paache kwanza, mjukuu wangu. Hilo si jambo la kusema kwenye simu." Akakata.

Adelina alipiga tena. Haikupokelewa. Akaitazama saa ya ukutani, akaitazama karatasi. Juu kulikuwa na jina la mke, Recheli, pamoja na namba yake. Atakuwa nani mwingine kama si mke wake? Akaandika Recheli, akatia alama ya vema.

"Na huyu kajibu?" Magreth aliuliza.

"Ndiyo."

Neno lilitoka upesi, kisha likamkaa vibaya. Magreth alibonyeza, akashusha pumzi, akacheka kwa furaha. "Yote ishirini na tisa! Osha vikombe vya chai, halafu nenda kawafunge hao Cheyo."

Adelina alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu pale bodaboda iliposimama nje. Mzee Wilbroad alishuka, shati limejaa vumbi la mbao.

"Nani kaniandikia mrithi?" aliuliza. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotisha. "Mke wangu kapata ujumbe wa chama kwenye simu kwamba yeye ni mrithi wangu. Analia. Anasema ninaumwa na nimemficha. Nimeitwa kutoka kazini, nimekuta majirani wamekaa uwanjani wamejifunika khanga! Kwangu jina hilo halitajwi mpaka watoto wote wawe wameketi. Watoto wangu wanakuja Jumapili, ndiyo maana niliacha wazi."

Bwana Omari alitoka chumbani kwake. "Magreth, nani aliingiza hili?"

"Mimi," Magreth alisema. Hakumgeukia Adelina.

Nje watoto wenzake walipita mbio na mpira. Miguu ya Adelina ilitaka kuwafuata, na hakuna aliyekuwa akimtazama. Aliona aibu kuliko alivyowahi kuona.

"Ni mimi," alisema, machozi yakimtoka. "Babu aliniambia nipaache. Nikaandika mwenyewe ili niwahi mechi, halafu nikamdanganya mama mdogo."

"Lifute ombi hilo," Bwana Omari alimwambia Magreth. "Kuhusu kazi yako, nitasema Jumatatu."

Adelina na Magreth wakaongozana na mzee mpaka kwake. Adelina alisimama mbele ya wale kina mama, akaeleza kila kitu. Mama Recheli alifuta machozi, akamtazama mumewe kutoka juu hadi chini, akaangua kicheko. "Kumbe mzee wangu mzima! Na ninyi nendeni makwenu, hapa hakuna msiba." Kwenye uwanja wa netiboli, Cheyo walikuwa wameshinda.

Siku mbili zile zilikuwa ndefu. Adelina aliamka kila mara akifikiria Ziba.

Jumatatu asubuhi, Adelina akiwa amekaa kando ya meza ya Magreth, Mzee Wilbroad aliingia ofisini na mkewe na watoto wake watatu. "Mwangaluka!" alisalimu. "Tumeshaketi. Sasa yule binti aliyeniuliza kwenye simu aniulize tena."

Magreth alifungua ombi jipya. Adelina alishika kalamu. "Babu, mrithi wako tumwandike nani?"

Mzee alimtazama mtoto wake mmoja, akamtazama mwingine. Mguu wa Adelina ulitaka kuanza, akalikandamiza goti kwa mkono na kungoja.

"Recheli," mzee alisema mwishowe.

"Lile lile!" lilimponyoka Adelina.

"Lile lile. Lakini Ijumaa ulilisema wewe. Leo nimelisema mimi." Mzee aliinama kidogo. "Mababu zetu walikuwa wapagazi, walipita hapa na mizigo ya watu mpaka pwani, mjukuu wangu. Walichopewa ndicho walichofikisha, na mzigo usio wako hufungui. Neno la mtu nalo ni hivyo hivyo. Asipokupa, rudi mikono mitupu useme hakunipa. Hiyo haina aibu."

Bwana Omari aliweka karatasi ya ajira mbele ya Magreth. "Wangapi wangeenda kusimama mbele ya majirani wale Ijumaa?" alisema. "Nahitaji watu wa namna hiyo. Ila simu ya ofisi, tangu leo, ni ya wafanyakazi tu."

Magreth alitia sahihi. Adelina aliandika jina la Recheli polepole, herufi moja baada ya nyingine, kisha akampa mzee asome mwenyewe.