Mkanda wa Mwisho

Jogoo wa Damari alimponyoka mikononi siku ya mnada wa Mtinko, akaingia chini ya gari la sinema la serikali. Aliyemtoa alikuwa kijana wa suruali ya bugaluu, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Dada, mtoro wako huyu. Anauzwa au anatembea tu?"

"Nirudishie, acha kumbembeleza!"

"Nakubembeleza wewe."

Haya basi! Ndivyo Damari alivyomjua Laurenti, mwonyesha sinema. Baada ya miezi mitatu moyo haukuwa wake tena, na Laurenti akaahidi kuja Jumamosi na mjomba wake, kuposa.

Alhamisi ya wiki hiyo akaonyesha sinema ndani ya ghala la ushirika, madirisha yamezibwa kwa magunia. Wanyama wa kuchorwa, twiga, kiboko na nyani, walitiwa masandukuni, wakapakiwa lori, wakapandishwa meli, wakatoroka na kuzunguka dunia wakitafuta kwao. Laurenti alitafsiri kwa kipaza sauti, akamaliza kwa kusema wote walifika nyumbani. Watu walicheka mpaka machozi. Mzee Alute, babake Damari, hakucheka.

"Gari hili lilionyesha josho la ng'ombe, josho likaja," alisema walipofika nyumbani. "Likaonyesha choo, bwana afya akaja. Leo limeonyesha viumbe wanatolewa kwao kwa lori. Hizi habari za kuhamishiwa vijiji vya ujamaa si tetesi tena. Alfajiri tunaondoka na ng'ombe, tunaelekea Sekenke kabla hawajatufikia."

"Baba, ile ni michoro tu! Na Jumamosi kuna wageni."

"Watakuta hatupo."

Kulipopambazuka Damari alikimbilia garini, kanga begani, roho juu.

"Laurenti, baba anatuhamisha! Njoo umwambie ni mchezo."

Laurenti alianza kucheka, kicheko kikamkatikia.

"Mpenzi, malori yapo mjini. Nimeyaona. Nilikatazwa kusema."

"Yanakuja lini?"

"Kesho, Jumamosi."

"Kwa hiyo ungekuja na mjomba wako, au na malori?"

"Nimeagizwa nitangulie na kipaza sauti. Nilidhani mkishahamia, nitakuposa huko huko. Damari, usiende. Baki nami."

Damari alimpenda. Mungu wangu, hata pale alimpenda! Lakini kengele za ng'ombe zilishaanza kusikika barabarani, na nyuma ya ng'ombe mama yake alitembea peke yake, mzigo kichwani.

"Niambie jambo moja," alisema. "Wale wanyama, kweli walifika kwao?"

Laurenti alitazama chini.

"Sijui. Mkanda wa mwisho haukuletwa. Nilitunga."

Damari alijifunga kanga kiunoni, akazifuata kengele.