Makufuli Kumi na Mawili ya Tomaso

Nyangi alikuwa mshonaji wa sare za shule katika mtaa wa Nyamisangura, mjini Tarime. Kila asubuhi alifagia uwanja, kisha akatoa cherehani yake na kuiweka barazani. Jioni aliirudisha ndani na kufunga mlango. Mume wake alikuwa amefariki, na cherehani hiyo ndiyo iliyomlisha.

Siku moja mwanawe Marwa alimpigia simu kutoka Issenye, alikokuwa akifundisha. Mke wake, Eunice, alikuwa amejifungua mtoto wa kike kwa upasuaji. Mama mzima, mtoto mzima, lakini Eunice hakuweza kuinama wala kubeba maji. Marwa akamwomba mama yake aende kukaa nao mwezi mmoja.

Huyo alikuwa mjukuu wa kwanza wa Nyangi. Alicheka na kulia kwenye simu hiyohiyo. Akamaliza haraka sare za watu, akapanga kuondoka Jumatatu.

Jumamosi alikwenda sokoni kununua unga wa ulezi kwa ajili ya uji wa mzazi. Aliporudi, aliuona mlango wake uko wazi. Alikuwa ameufunga kwa mkono wake mwenyewe, na ufunguo alikuwa ameufunga kwenye pindo la kanga. Akaokota ufagio, akachungulia ndani.

Kwenye kiti aliketi shemeji yake, mzee Tomaso, kaka mkubwa wa marehemu mume wake. Tomaso alikuwa mfugaji kutoka Nyansurura. Alikuwa amejichemshia chai, tena ya maziwa.

"Shikamoo, shemeji," Nyangi akasema, ufagio bado uko juu.

"Marahaba. Mbona unafagia saa hizi?"

Tomaso alieleza bila wasiwasi wowote. Kwao mtu wa ukoo hasimami nje ya mlango wa ndugu yake kama mgeni. Basi alijaribu ufunguo wa nyumba yake ya Nyansurura, na kufuli likakubali.

Yeye mwenyewe ndiye aliyelileta kufuli hilo. Mwaka uliopita aliuza ng'ombe mnadani, akakuta makufuli yanauzwa kwa bei ya kutupa. Akanunua boksi zima, makufuli kumi na mawili, akaigawia kila nyumba ya ukoo kufuli moja. Ukoo ulimsifu sana. Hakuna aliyejaribu kufungua kufuli lake kwa ufunguo wa mwenzake.

"Ukoo mmoja, ufunguo mmoja," Tomaso akasema na kujichekea.

Nyangi naye alicheka, kisha kicheko kikakatika. Akauliza ufunguo wa Machage, mmoja wa ndugu waliogawiwa makufuli, uko wapi. Kumbe mchunga ng'ombe wa Machage aliacha kazi wakati wa masika, akaondoka nao. Wa ndugu mwingine, Matiko, ulianguka mnadani. Mokami, naye wa ukoo, alipangisha nyumba yake, wapangaji wakahama, na funguo hawakuzirudisha.

"Kila kufuli lilikuwa na funguo mbili," Nyangi akasema. "Hizo ni funguo ishirini na nne, shemeji. Zote zinafungua mlango wangu, na nyingine sijui ziko kwenye mfuko wa nani. Mimi naogopa. Cherehani ikiibwa nitakula nini? Siendi Issenye."

Maneno hayo yalimuuma Tomaso. Alitoa zawadi kwa moyo mweupe, na sasa zawadi yake inamzuia bibi kumwona mjukuu. Akasema kufuli lake ni zima, na kama Nyangi haamini, waende kwa fundi.

Fundi alikuwa Zuleha, mwenye karakana ya milango karibu na soko. Kazi aliifundishwa na baba yake. Aliwaamkia kwa heshima, akapokea ufunguo wa Tomaso na ule wa Nyangi, akavigeuza vichwa vyake kwenye mwanga.

"Mzee, soma namba hii," akasema. "Haya, soma na hii."

Namba ilikuwa ileile. Zuleha alieleza kwamba makufuli mengine ya bei ndogo hutengenezwa mengi kwa ufunguo wa aina moja. Mnunuzi anatakiwa kulinganisha namba, na kujaribu ufunguo wa kufuli moja kwenye jingine kabla ya kulipa.

Tomaso si mtu wa kushindwa upesi. Akasema basi litafutwe kufuli moja kubwa, zito, na mambo yaishe. Zuleha akaomba auone mlango kwanza.

Walipofika nyumbani, alimwambia Nyangi aufunge mlango kwa kufuli kama anavyoufunga siku zote. Kisha akatoa bisibisi. Komeo lililobeba kufuli lilishikwa na skrubu nne fupi, na vichwa vyake vyote vilionekana kwa nje. Zuleha alizifungua moja moja huku akimuuliza Nyangi habari za mjukuu. Komeo likabanduka. Kufuli lilikuwa bado limefungwa, lakini mlango ulikuwa wazi. Tomaso alilitazama kufuli lake kama mtu aliyeuziwa ng'ombe wa maziwa, kumbe hana hata tone.

"Mwizi hahangaiki na kufuli kubwa," Zuleha akasema. "Anatafuta penye udhaifu. Kwako udhaifu uko kwenye komeo, na hii fremu nayo inacheza."

Tomaso alinunua vifaa vyote bila kuombwa. Kesho yake Zuleha alifanya kazi tangu asubuhi. Alitoboa ubao wa mlango, akatia kitasa cha chuma ambacho ulimi wake huingia ndani ya fremu. Fremu aliikaza ukutani kwa skrubu ndefu. Bawaba zilizolegea alizibadilisha. Komeo alilirudisha kwa bolti zilizopenya mlango hadi upande wa pili, na nati zake akazikaza kwa ndani, ambako mtu wa nje hawezi kuzifikia. Kufuli jipya alilichagua Nyangi mwenyewe, baada ya kusoma namba.

Zuleha alimwonya pia kuhusu moto. Mtu aliye ndani asifungiwe kwa kufuli la nje, hata kwa dakika chache. Na wakati wa kulala, ufunguo wa kitasa ukae mahali pamoja, karibu na mkono lakini mbali na dirisha.

Kitasa kilikuja na funguo tatu. Tomaso akanyoosha mkono. Yeye ni mkubwa wa ukoo, na hakuwa na shaka kwamba ufunguo wa kwanza ni wake.

Nyangi aliutazama mkono ule, asijue la kufanya. Zuleha alijifanya anapanga vifaa vyake.

"Mama, jiulize jambo moja," akasema taratibu. "Nani lazima aingie humu usipokuwepo? Huyo ndiye apewe. Na ukipotea ufunguo hata mmoja, usingoje. Niite tubadilishe kitasa."

Nyangi aliogopa kuliko Jumamosi alipoukuta mlango wazi. Lakini alisema.

"Shemeji, ufunguo mmoja ni wangu. Mmoja nampelekea Marwa. Wa tatu nampa jirani yangu Verdiana, pamoja na wa kufuli. Yeye yuko hapa kila siku, na moto ukitokea ataona wa kwanza. Wewe uko mbali. Ukija, piga simu. Verdiana atakufungulia, na chai utakunywa."

Mkono wa Tomaso ulibaki hewani. Katika ukoo wao hakuna mke aliyewahi kumnyima mkubwa ufunguo. Nyangi aliinamisha macho, lakini funguo hakuziachia.

"Nyumba alijenga mdogo wangu," Tomaso akasema mwishoni. "Mwenyewe sasa ni wewe. Hata mimi zizi langu siachi kila mtu alifungue."

Akaurudisha mkono mfukoni. Kisha akamuuliza Zuleha kama anaweza kufika Nyansurura, kwa sababu zilibaki nyumba kumi na moja.

Jumatatu Nyangi alisafiri. Alimpikia Eunice uji, akachota maji, akafua nepi, na kila jioni akamwogesha mtoto. Eunice akaanza kupata nguvu.

Wiki ya tatu Verdiana alipiga simu. Mtu asiyejulikana alikuwa amekwaruza komeo la nyumba ya Nyangi kwa chuma, na Verdiana alikwisha kumwarifu mwenyekiti wa mtaa. Marwa ndiye aliyepokea simu. Alitoka mbio akatoa pikipiki, tayari kumpeleka mama yake stendi.

Nyangi hakuinuka. Alikuwa na mjukuu mapajani.

"Verdiana amejaribu mlango?" akauliza.

"Amejaribu, mama. Umekaza."

"Ameingia kuangalia cherehani?"

"Ameingia. Ipo."

"Basi rudisha pikipiki, mwanangu," Nyangi akasema. "Maji ya mtoto yanapoa."