Bella Aliyechemsha Mawe

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare yake ya shule, Bella alikuwa na kazi tatu: kufagia uani, kuosha vyombo, na kumsalimia samaki aliyekufa.

Usishtuke. Samaki huyo alikuwa sambaza mmoja, wale wadogo wanaovuliwa Ziwa Kivu. Alikuwa amelala ndani ya tangi la kioo lililowekwa sebuleni kwao, mjini Kamembe, Rwanda. Hakuwa amelala usingizi, maskini, alikuwa anaoza. Na aliwekwa aoze kwa makusudi.

Tangi lilitoka kwa mjomba wake, Tonton Aimable, anayefuga samaki wa baharini nyumbani kwake Kigali. Alipopata tangi kubwa zaidi, alimletea Bella lile la zamani, pamoja na pampu, kifaa cha kupasha maji, mchanga, mawe yenye matundu mengi, na mfuko wa chumvi ya bahari.

"Chumvi!" alisema Maman Odette, mama yake Bella, siku maji yalipochanganywa. Yeye huvuka mpaka karibu kila siku kupeleka nyanya Bukavu, upande wa Kongo. "Ziwa lote liko pale chini, maji mazuri, bure. Nyinyi munatafuta bahari! Na samaki je, beko wapi?"

"Samaki hawawezi kuingia sasa, dada," alijibu Tonton Aimable. "Samaki akijisaidia ndani ya maji, inatoka sumu inaitwa amonia. Baharini kuna bakteria wanaoila. Humu bado hawapo. Wanazaliwa polepole juu ya mawe na mchanga, na lazima wapate chakula. Ndiyo maana tunaweka sambaza aoze."

Maman Odette alishika kiuno. "Aimable! Muntu mzima! Bukavu banagombania sambaza sokoni, wewe unaitupa ioze kwa nyumba yangu?"

"Mmoja tu, dada."

"Mmoja tu! Hata harufu inaanzaka na mmoja tu."

Tonton Aimable alicheka, kisha akampa Bella chupa ndogo ya dawa ya kupimia maji. "Ukidondosha matone haya kwenye kikombe cha maji ya tangi, maji yakigeuka kijani, sumu iko. Yakiwa manjano siku baada ya siku, ujue bakteria wameshiba na wanaomba kazi. Na sheria ni moja: usioshe kitu. Utaona uchafu wa rangi ya kahawia. Uache. Bakteria wanakaa humo humo. Ukinipigia simu kwamba tangi liko tayari, nitakuletea samaki wangu wawili."

Bella alikuwa mtoto mwenye bidii, ila mdomo wake ulikuwa na kasi kuliko pikipiki za stendi. Kesho yake darasa zima lilijua kwamba nyumbani kwao kutakuwa na samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Wiki iliyofuata samaki walikuwa wameshapewa majina. Mucyo, rafiki yake na mchokozi mkuu wa darasa, ndiye aliyependekeza waitwe Rusizi ya Kwanza na Rusizi ya Pili, kama ile mipaka miwili ya kuvukia kwenda Bukavu.

"Lakini wasidai vitambulisho!" alisema, na darasa likaangua kicheko.

Mwalimu wao, Madame Védastine, alifurahi sana. Akapanga siku ya Jumatatu kulileta darasa zima nyumbani kwa akina Bella. Bella hakusema kwamba maji bado yalikuwa yanageuka kijani kila akiyapima. Aliona ni jambo dogo.

Jumamosi ya umuganda, siku ya usafi wa pamoja, ikafika. Mtaa mzima ulitoka na majembe na mafagio, mitaro ikazibuliwa, barabara ikang'aa. Maman Odette alirudi nyumbani na vumbi kichwani, akasimama mbele ya tangi. Kioo, mawe na mchanga vilikuwa vimepakwa utelezi wa kahawia.

"Tumesafisha mitaro ya kila muntu," alisema, "kumbe mtaro mukubwa uko kwa salon yangu! Na batoto ba shule banakuja Jumatatu. Nitaficha wapi uso?" Akajitwika beseni lake, akaenda sokoni.

Bella alitazama ule uchafu. Aliwaza kicheko cha Mucyo. Akaikumbuka sheria ya Tonton Aimable, akaiweka kando, akatafuta brashi.

Alimwaga maji yote. Alisugua kioo kwa sabuni, akasuuza mchanga mara nyingi, akakamua sifongo ya pampu mpaka ikawa nyeupe. Sambaza aliishia tumboni mwa paka wa jirani. Kisha Bella akatia mawe kwenye sufuria, akafunika, akachochea makaa.

Maman Odette aliporudi alikuta sufuria inatokota. Akafunua kifuniko.

"Bella. Biashara imekuwa mubaya mpaka tunakula mawe?"

"Ninayasafisha tu, Maman."

"Basi usisahau kuweka kitunguu."

Jioni tangi liling'aa kama kioo cha benki, limejaa maji mapya ya chumvi. Tonton Aimable akapiga simu. "Maji yanasemaje, Bella?"

Bella alidondosha matone. Manjano safi kabisa! Akapiga picha, akamtumia.

"Ah, bravo! Yako tayari?"

"Yako tayari, Tonton."

"Basi kesho napanda basi, niko na samaki."

Bella alikata simu, lakini moyo haukutulia. Alijua vizuri kwa nini maji yalikuwa manjano. Hayakuwa na sumu kwa sababu hayakuwa na kitu chochote. Hayo maji hayajawahi kuona hata kinyesi cha konokono. Samaki wakiingia leo, kesho watakuwa wanaogelea ndani ya sumu yao wenyewe, na hakuna bakteria hata mmoja wa kuwaokoa. Wote wameiva.

Jumapili baada ya ibada, Mucyo, aliyesikia kwamba samaki wanakuja, alifika mbio, bado amevaa suti ya kanisani. "Nimekuja kupokea wageni," alisema. Wakati huohuo simu ikaleta ujumbe wa sauti wa Tonton Aimable:

"Bella, sijawapa chakula leo, wasafiri na tumbo jepesi. Hawa nimewalea mimi mwenyewe tangu wako kama punje ya mchele. Nisingempa mtu mwingine. Ninawatia kwenye mfuko sasa hivi."

Sasa hivi! Bella aliona wale samaki wawili wamelala chini kama sambaza wake. Akapiga simu. Mucyo akasogeza sikio bila aibu.

"Tonton, usiwalete! Maji hayako tayari. Nimeosha kila kitu. Nimeweka maji mapya, ndiyo maana yalikuwa manjano. Nilikudanganya."

Tonton Aimable akauliza:

"Na mawe?"

"Nimeyachemsha, Tonton."

"Yaliiva?"

Mucyo alianguka kwenye kiti kwa kucheka. Bella alitaka kulia, akajikuta anacheka huku machozi yakimtoka. Lakini Tonton Aimable hakuwa anacheka sana. "Ningefika jioni, samaki wangekufa wiki hii," alisema. "Nawarudisha kwao. Na hao wanafunzi wa Jumatatu, utawaambia wewe mwenyewe."

Jumatatu darasa lilijazana sebuleni. Ndani ya tangi hakukuwa na kitu, isipokuwa sambaza mpya, marehemu.

"Rusizi ya Kwanza alipata ajali gani?" akauliza mmoja.

Bella alisimulia yote: amonia, bakteria, brashi, sufuria. Alipofika kwenye mawe, vicheko vilisikika mpaka barabarani. Madame Védastine alisubiri viishe. "Sasa nani hapa anajua jinsi tangi linavyoanza kuishi kuliko Bella?" aliuliza. Tangu siku hiyo wanafunzi walipokezana kuja kupima maji, na hata Mucyo alikuja bila suti.

Maji yakawa kijani, kijani sana. Uchafu wa kahawia ukarudi, hakuna aliyeugusa. Umuganda mwingine ulipofika, jirani aliingia na fagio mkononi, akanyoosha kidole kwenye tangi. Maman Odette alimrukia. "Acha kabisa! Huo uchafu wetu unafanya kazi!"

Muda mrefu baadaye, maji yalibaki manjano siku baada ya siku, ingawa sambaza alikuwa humo. Tonton Aimable akashuka kwenye basi amekumbatia ndoo. Aliuacha mfuko wa samaki uelee juu ya maji, akaufungua taratibu, na Rusizi ya Kwanza na Rusizi ya Pili wakavuka mpaka wao, wakajificha nyuma ya jiwe.

"Bella," alisema Tonton Aimable, "ile picha uliyonitumia haikuwa na kosa. Rangi ilikuwa ya kweli. Lakini ulinionyesha rangi ukanificha brashi, na ukweli wa nusu ungeua samaki wazima. Kazi inayohitaji muda, ipe muda wake. Na ukikosea, sema mapema, wakati samaki bado wanapumua."

"Ndiyo, Tonton."

"Na sufuria yangu," akaongeza Maman Odette kutoka jikoni, "mpaka leo wali unatokaka na mchanga."