Maneno Matamu ya Mbelu

Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, na kila mwenye simu katika soko la Musonoi, mjini Kolwezi, alikuwa amesongamana mbele ya kibanda cha kuchaji cha Tatiana, penye mashine iliyonguruma na kutapika moshi. Mbelu alibanwa katikati ya wachimbaji, kitenge chake cha manjano kimeshikwa vizuri kiunoni, simu ameikumbatia kifuani.

"Pita, mama," sauti ikasema nyuma yake. "Yangu inaweza kungoja."

Aligeuka. Kijana mrefu, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, taa ya kichwani ikining'inia shingoni.

"Miye ni mama yako?"

"Basi nikuite nani?"

"Mbelu. Lakini oga kwanza, njo uniite."

Watu wakacheka, na yeye akawashinda wote kwa kucheka. Aliitwa Merdi, ametoka Mbuji-Mayi kuchimba kobalti, na simu zilipojaa chaji alikuwa tayari ana namba ya Mbelu.

Kila jioni, akishapanda kutoka shimoni, alipiga.

"Cheri, umekula?"

"Bukari na sombe. Na weye?"

"Vumbi."

"Na mboga gani?"

"Vumbi ya jana."

Mbelu alicheka mpaka mama yake, nyuma ya pazia, akakohoa kwa makusudi.

Mama alikuwa amepooza upande mmoja. Baba alikwisha kufa, na Mbelu hakuweza kwenda mbali na kitanda kile. Alikuwa akiuza mikate mlangoni, hadi rafiki yake wa kanisani, Fidélie, alipomwonyesha kazi nyingine: programu ya simu inakuletea sentensi, unazisoma kwa sauti katika Kiswahili cha Kolwezi ili mashine zijifunze namna watu wa huku wanavyosema, na malipo yanaingia kwenye simu. Unafanya saa yoyote mgonjwa akilala.

Hakumwambia Merdi. Katika mtaa wao wengi walikwisha kudanganywa na kazi za simu, wakachekwa mpaka wakahama kanisa. Alitaka kwanza alipwe, tena na tena, ndipo aseme kichwa kikiwa juu.

Alasiri moja mvua ilinyesha vibaya. Mama alilala, Mbelu akaketi karibu na mlango na kuanza kusoma.

"Mupenzi, kuya mbio. Nimekukumbuka sana."

Mashine ikaikataa sauti, mvua ilipiga bati. Akarudia polepole, kwa utamu zaidi. Ikakubali, ikaleta nyingine.

"Usiogope. Ule mwingine hajue kitu."

Alipofungua mlango kumwaga maji, alikuta mfuko wa maparachichi kizingitini. Mwisho wa mtaa alimwona Merdi, shati lake jeupe la Jumapili limemgandia mgongoni, anatembea bila kukimbia mvua.

Akampigia.

"Ulikuwa nazungumuza na nani?" Merdi akauliza.

"Na mama," akajibu. Neno lilimtoka kabla hajalifikiri.

"Mama yako unamuitaka mupenzi?"

Mbelu akacheka. Kilikuwa kicheko cha woga, lakini kicheko ni kicheko. "Ngoja, nikuelezee..."

Simu ikakatwa. Alipiga tena na tena. Alituma ujumbe wa sauti, haukufunguliwa hata mmoja. Ngeleka, aliyechimba pamoja na Merdi, alimwambia tu: "Ameenda Fungurume. Anasema Kolwezi imemuchosha."

Mvua ziliendelea. Kisha siku moja Ngeleka alisimama mlangoni, kofia mkononi, akakataa kuketi.

"Shimo limeanguka kule Fungurume," akasema. "Merdi bamemutoa. Wenzake, Nkongolo na Modeste, hawakutoka."

Mbelu alimwachia Fidélie mama yake, akapanda basi, akapita malori ya madini yaliyopangana barabarani bila mwisho. Hospitalini alimkuta Merdi ameugeukia ukuta. Mguu wa kulia ulikuwa umekatwa juu ya goti, na shuka limelala bapa pale mguu ulipopaswa kuwa.

"Rudia kwa ule bwana yako," akasema bila kugeuka.

Mbelu alitoa simu, akasoma: "Mbuzi ya jirani imekula mahindi yetu." Akabonyeza, akasoma nyingine: "Bei ya nyanya imepanda."

Merdi akageuka. "Unafanya nini?"

"Kazi. Banalipa sauti yangu. Siku ile balinipa maneno ya mapenzi, leo balinipa mbuzi. Niliogopa utanicheka, njo nikasema ni mama. Nilikudanganya, Merdi."

Merdi alianza kucheka, kicheko kikamgeukia kilio. "Kumbe nilikasirikia mashine. Na Nkongolo na Modeste, miye njo niliwaita. Niliwaambia, tuende, Kolwezi hakuna kitu."

Mbelu alimshika mkono wenye kucha zilizovunjika, akakaa hivyo mpaka muuguzi alipoleta sindano.

Siku zilizofuata alisoma sentensi zake nyuma ya ukuta wa hospitali, palipokuwa na utulivu, na zilizolipwa zikanunua dawa. Kisha kaka mkubwa wa Merdi, Kabasele, akafika kutoka Mbuji-Mayi na gunia la nguo.

"Ninamurudisha nyumbani," akasema. "Kule kuna mama wa kumuangalia."

"Mumuache hapa, tata," Mbelu akasema.

"Weye ni nani wake?"

Akatazama sakafu. Hapakuwa na mahari, hata chupa ya kinywaji haikuwahi kupelekwa kwao.

"Ni bibi yangu," Merdi akasema kutoka kitandani.

"Tangu lini?"

"Tangu sasa. Kama anakubali mutu wa muguu moja."

Mbelu alikwisha kuona akilini nyumba yao ya chumba kimoja, mgonjwa mmoja nyuma ya pazia na mwingine mbele yake, na yeye peke yake katikati.

"Nakubali," akasema haraka, kabla hofu haijamkuta.

Kabasele akauliza mama mkwe wao anakaa wapi, aende kumsalimu.

Kabasele ndiye aliyembeba Merdi mgongoni kutoka kwenye teksi mpaka ndani ya nyumba ya kina Mbelu. Fidélie alivuta pazia. Mama akawatazama mmoja mmoja, kwa jicho lake lililobaki na nguvu.

"Moyo, mamu," Merdi akamsalimu kwa Kiluba cha kwao.

Mdomo wa mama uliopinda ulihangaika kutafuta maneno.

"Huyu iko na muguu moja."

"Ndiyo, mama," Mbelu akasema.

"Na iko na njaa. Hamuone? Mumupe chakula."