Kugonga Mara Tatu

Rafiki yangu mtafiti ndiye aliyeifundisha roboti ya jeshi la majini kutambua sauti za chini ya maji. Siku moja alishuka stoo kufuta rekodi za roboti hiyo, hasira zimempanda, bosi nyuma yake akimsimamia. Mzamiaji wao alikuwa amekufa kwenye majaribio. Kabla ya kufa, mzamiaji aligonga chuma mara tatu, ishara yao ya kuomba kutolewa majini, bosi akasema, "Kelele tu hizo, endeleeni."

Rafiki yangu akaiwasha roboti, kavu juu ya meza. Umeme ukakatika. Gizani, kitu kikagonga chuma mara tatu.

"Haya, bosi," akafoka, "na hizo nazo ni kelele tu?"

Matone yakaanza kudondoka sakafuni. Skrini ya roboti, inayotumia betri, ikaandika: *Mzamiaji, mita tatu.* Bosi akapapasa mlango.

*Mita moja.*