Soksi za Rakia

Kila asubuhi Milutin alikamua ng'ombe wake wawili, akaleta kuni, kisha akachemsha kahawa ya watu wawili. Stojanka, mkewe, aliinywa kitandani huku akimtania kwamba miaka thelathini ya ndoa haijamfundisha kuosha kikombe.

Wiki tatu zilizopita utani ulikwisha. Mwaka uliotangulia, Stojanka alikuwa amepandikizwa uboho wa kaka yake, Tihomir, ili atibiwe saratani ya damu. Uboho ni ile nyama laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu. Milutin alichinja kondoo akakitangazia kijiji kizima kwamba mke wake amepona. Sasa daktari wa Belgrade, mji mkuu wa Serbia, alikuwa amesema ugonjwa umerudi. Milutin hakumwambia mtu. Hata mkewe alipotaka kuuzungumzia, alimkatiza na kumsogezea supu.

Kesho kutwa ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yao, Nikola. Siku hiyo haalikwi mtu wala hafukuzwi mtu. Mlango hubaki wazi, wageni huingia, hubusiana mashavuni mara tatu, hula samaki na kukaa hadi jioni. Tangu enzi za babu yake Milutin, mlango ule haujafungwa siku hiyo.

Asubuhi hiyo, siku mbili kabla ya sikukuu, Stojanka alianza kutetemeka. Milutin akafanya kama alivyofanyiwa na mama yake utotoni. Alilowesha soksi kwa rakia, ile pombe kali ya matunda ya plamu, akamvisha, akafunga madirisha yote. Hospitali wangekwenda sikukuu ikishapita.

Saa nne jirani yao Vidosava alikuja kurudisha sufuria. Alikuwa muuguzi wa zahanati, mwanamke asiyezungusha maneno. Harufu ya rakia ilimpokea mlangoni.

"Jirani, nani ana homa humu?"

"Mafua tu," Milutin akasema.

Vidosava hakubishana. Alinawa mikono, akamwekea Stojanka kipimajoto. Kilionyesha nyuzi thelathini na nane na nusu.

"Imeanza lini?"

"Alfajiri," Stojanka akajibu. "Na ule ugonjwa umerudi, Vidosava. Yeye hataki hata niutaje."

Milutin aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. "Niliwaambia watu wote umekwisha," akasema. "Nimekosea wapi? Nimemtunza kama yai."

"Hukukosea," Vidosava akasema. "Mkeo hakukosea, wala Tihomir na uboho wake. Seli chache za ugonjwa zinaweza kujificha, dawa isizipate, baadaye zikazaana. Lakini rakia haitibu homa, jirani. Inapoza ngozi, wewe unadhani amepata nafuu, kumbe vijidudu vinaendelea. Damu yake sasa haina askari wa kutosha kupigana navyo. Kwa mgonjwa kama huyu, homa ikifika thelathini na nane hatusubiri kesho. Hatusubiri hata chakula cha mchana. Unapiga simu hospitali, unaondoka."

"Na sikukuu?"

"Hiyo utaelewana na mtakatifu wako. Mimi najua kwamba busu la mtu mwenye kikohozi linaweza kumuua mkeo."

Stojanka alikwishavua soksi. Akaomba koti lake.

Mchana ule, hospitalini, Stojanka aliwekewa dripu ya dawa ya kuua vijidudu. Daktari hakumficha Milutin kitu: wangechelewa siku moja, huenda wangempoteza. Milutin alitoka hadi kwenye ukumbi wa kungojea, akalia mbele za watu.

Siku ya sikukuu alifunga mlango, asije akaambukizwa na kumpelekea mkewe maradhi. Aliweka meza uani, kwenye theluji, akasimama getini na kuwaambia wageni ukweli mmoja mmoja. Alitarajia minong'ono. Mzee Dragutin alivua kofia, akauliza ng'ombe hukamuliwa saa ngapi, na kuanzia jioni ile akawa anakuja kuwakamua. Vidosava aliandika namba ya hospitali kwa tarakimu kubwa, akaibandika ukutani juu ya kipimajoto.

Stojanka alirudi baada ya siku tisa. Angepewa dawa mpya, kisha seli za kinga kutoka kwa Tihomir. Daktari alisema matumaini yapo, ila hakuahidi. Wageni sasa walimsalimia kupitia dirishani, na aliyeingia alinawa mikono kwanza. Milutin, aliyekuwa amekonda kuliko mgonjwa, alianza kulala usingizi.

Mwezi wa pili homa ilipanda tena, adhuhuri, nyuzi thelathini na nane kamili. Milutin alipiga simu papo hapo, na baada ya dakika kumi walikuwa barabarani. Waliwahi. Homa ile ilizimwa siku ileile. Lakini Stojanka alipomsimulia Vidosava habari za siku hiyo, hakuanza na dawa. Alianza na maneno waliyoambiana garini.

"Nisipopona je?" alikuwa amemuuliza mumewe.

Milutin alifuta ukungu kwenye kioo cha mbele.

"Sijui, Stojanka. Naogopa sana."

Stojanka akamshika mkono.

"Afadhali umesema," akamwambia. "Nilichoka kuogopa peke yangu."