Kilima Kilichosema Thelathini na Moja

Saa tisa kasoro robo alasiri, mawingu yakiwa bado yametulia juu ya Mlima Rungwe, milango elfu arobaini ya jiji la Tukuyu ilipiga hodi kwa wakati mmoja.

Hakuna aliyeshtuka. Kila nyumba ilikuwa na kidude chake, kipana kama kiganja, kilichobandikwa upande wa ndani juu ya kitasa, na kila kidude kilikuwa na habari yake. Kwa muuza ndizi mmoja kilisema kwamba mvua ya mawe ingeanza baada ya dakika hamsini, mawe yangekuwa kama punje za mahindi, na bati lake la tatu kutoka kushoto lisingehimili upepo. Jirani yake wa ghorofani aliambiwa afunge dirisha la jikoni, basi, aendelee na shughuli zake. Fundi baiskeli wa bondeni aliambiwa maji ya mfereji yangefika kizingitini ila yasingeingia ndani.

Baada ya dakika hamsini mawe yalianguka. Yalikuwa kama punje za mahindi.

Katika dirisha la kituo cha hali ya hewa, Tusajigwe Mwambene aliyatazama yakidunda uani, akatamani walau moja liwe kubwa kama yai.

Alikuwa mtabiri mkuu wa kituo, mwanamke wa miaka hamsini na minne, na kwa miaka ishirini na miwili tahadhari zote za nyanda za juu kusini zilikuwa zimeandikwa kwa mkono wake na kusomwa redioni kwa sauti yake. Aliandika jinsi watabiri walivyoandika tangu zamani: mvua kubwa inatarajiwa katika baadhi ya maeneo, athari zinazoweza kujitokeza ni mafuriko, maporomoko ya udongo na kukatika kwa barabara. Watu walimfahamu kwa sauti. Sokoni angeuliza bei ya njegere, na muuzaji angeinua kichwa na kumuuliza kama kesho aanike kahawa.

Kisha Bupe Mwaisaka akaleta Hodi.

Bupe alikuwa amefika kituoni akiwa na miaka ishirini na minne, hajui hata kushika daftari la vipimo, na Tusajigwe ndiye aliyemfundisha. Miaka kumi baadaye msichana huyo alijenga kile alichokiita mji pacha. Ndani ya mtambo mmoja wa kompyuta alilijenga jiji zima upya, kila paa, kila mfereji na kila ukuta wa matofali mabichi, na chini ya vilima halisi akatandaza nyuzi za kioo zilizopima unyevu wa udongo saa baada ya saa. Mvua ilipokuwa inakuja, mtambo uliinyesha kwanza katika mji pacha, ukaona nani ataumia wapi, kisha ukaenda kubisha hodi kwake. Hapakuwa tena na “baadhi ya maeneo”. Palikuwa na mlango wako.

Tusajigwe alimpongeza mbele za watu. Nyumbani alikaa kitandani na viatu vyake miguuni, akahisi kama mtu aliyeporwa mchana kweupe na kutakiwa ashangilie. Kilichomchoma zaidi ni mama yake. Kwa miaka yote hiyo bibi huyo alikuwa akimpigia simu kila asubuhi kuuliza habari za mvua. Hodi ilipowekwa mlangoni pake simu zikakoma, na alipoulizwa sababu alijibu kwa upole kwamba hakutaka kumsumbua, maana kile kidude kilijua hata kamba yake ya kuanikia nguo.

Mwaka huo Tusajigwe aliandika barua tatu kwa mkurugenzi wa kituo, Mzee Ndimbwelu, akidai kwamba mji pacha umekosea. Mara zote tatu ilithibitika kwamba mkosaji ni yeye. Baada ya barua ya tatu mzee alimwita, akamkaribisha chai, akamwambia kwa heshima zote kwamba angefurahi kupokea nyingine iwapo itakuwa na kitu ndani yake. Akiwa njiani kurudi ofisini alimsikia kijana wa takwimu akimwambia mwenzake kwamba mama yule ana roho ya kwa nini. Alipita kama hakusikia.

Mwezi Aprili mvua ilinyesha siku tisa mfululizo. Siku ya kumi, baada ya adhuhuri, Hodi iliwaambia watu mia sita wa bonde la Kigange kwamba kufikia saa kumi jioni maji yangekuwa magotini ndani ya nyumba zao, na kwamba waende wakajihifadhi katika ukumbi wa Shule ya Itekela, juu ya bonde, chini ya kilima cha Itekela. Walikwenda kwa utulivu, na watoto wao, magodoro na kuku. Wazee wasioweza kutembea walipelekwa kwa magari. Hodi ilikuwa haijawahi kuwadanganya.

Tusajigwe hakuwa na kazi rasmi siku hiyo. Alifungua kurasa za mji pacha jinsi mtu anavyorudia kukigusa kidonda chake, akaanza kupitia vilima kimoja kimoja. Unyevu wa udongo ulikuwa asilimia sitini na tano hapa, sabini kule, sitini na nane upande wa pili. Kilima cha Itekela kilisema thelathini na moja.

Akarudi nyuma siku moja. Thelathini na moja. Akarudi nyuma siku tisa nzima, namba ikawa ile ile. Hakuna kilima kinachokunywa mvua siku tisa kisibadilike. Akakumbuka kwamba mwezi uliopita wachimbaji wa barabara mpya walipita pale kwa tingatinga. Nyuzi zilikuwa zimekatwa, na mtambo, kwa kukosa kipimo kipya, ulikuwa unakariri cha mwisho. Udongo wa Itekela ni wa majivu ya volkano, mwepesi, ukishashiba maji huteleza kama uji. Na chini yake watu mia sita walikuwa wanatandika magodoro.

Jambo la kwanza alilohisi ni furaha.

Ilimpanda kifuani kwa joto, kama chai ya tangawizi. Alimwona Bupe amesimama mbele ya mkurugenzi, macho chini. Aliiona simu ya mama yake ikiita asubuhi. Kisha aibu ikafuata, na nyuma ya aibu ikaja hofu: itakuwaje iwapo hii ni barua ya nne? Akajiambia sharti awe na hakika. Akatoa majalada ya zamani kabatini, akasoma habari za poromoko lililotokea huko huko miaka mingi kabla ya nyuzi kutandazwa. Akachemsha chai, akainywa. Akafungua ukurasa ule tena, na tena.

Hatimaye alishuka ngazi hadi chumba cha mtambo, akamweleza Bupe. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi, ana namba zake mkononi. Bupe hakuziangalia.

“Dada, wewe umeona hivyo?”

“Nimeona.”

“Basi kuupanga mji pacha upya kutachukua nusu saa, na hatuna. Sema mwenyewe.”

Akamfungulia njia ya sauti hadi kidude cha ukumbini. Tusajigwe akasogea kwenye kipaza sauti, akawaambia watu wa Kigange kwa jina lake kwamba kilima kilichokuwa nyuma yao si salama, waache magodoro, watoke wapande barabara ya mgongoni, pembeni mwa kilima, sasa hivi. Baadaye watu walisimulia kwamba hakuna aliyeuliza. Waliitambua sauti ile, wakainuka.

Kilima kilishuka saa tisa na dakika kumi. Kiliufunika ukumbi na nusu ya madarasa.

Watu wawili walikufa. Mmoja alikuwa Gwakisa Mwalyego, mtunza ukumbi, ambaye alikuwa akiwabeba mgongoni wale wazee wasioweza kutembea, mmoja mmoja, hadi barabarani. Alikuwa amewafikisha kumi na mmoja. Bibi wa kumi na mbili, Syabumi, alikuwa wa mwisho, naye alikuwa mgongoni mwake.

Kesho yake jiji zima lilimtaja Tusajigwe. Mkurugenzi alimshika mikono yote miwili. Mama yake alipiga simu kabla jua halijachomoza akasema, “Ndaga, mwanangu,” kwa Kinyakyusa, akimshukuru, na akauliza kama leo itanyesha. Kila alichokililia alikuwa amekipata, na hakikushuka kooni.

Siku ya tatu Bupe alimtembelea nyumbani. Alisalimia shikamoo, akakaa ukingoni mwa kochi, akaweka karatasi moja mezani. Mtambo huweka kumbukumbu ya kila ukurasa unaofunguliwa. Kilima cha Itekela kilifunguliwa na Tusajigwe saa nane na dakika kumi na moja. Alishuka ngazi saa nane na dakika hamsini na moja.

“Nimeitafuta kwa ajili ya baraza la uchunguzi,” Bupe alisema. “Hakuna mwingine aliyeiona. Sitaitoa.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu kosa ni langu. Nilijenga mtambo usiojua kusema sijui. Na wewe ndiye uliyenifundisha kazi, dada.”

Hapakuwa na chozi wala lawama katika sauti yake. Alikunywa maji aliyopewa, akaaga, akaiacha karatasi pale pale. Tusajigwe alimtazama akivuka ua kwa hatua zake ndefu, akagundua kwamba hata moyo ule alikuwa anamwonea wivu.

Baraza lilikaa Jumanne, mchana, katika ofisi ya kata. Bupe alieleza habari za nyuzi zilizokatwa, akakubali makosa yake yote. Mwenyekiti alimgeukia Tusajigwe, akamshukuru kwa niaba ya watu mia sita, akauliza kama ana la kuongeza. Akasimama. Akasoma karatasi ile, saa ya kwanza na saa ya pili, kisha akasema kwamba kufikia saa nane na dakika ishirini alikuwa amekwishajua.

Katika benchi la mbele alikaa Atuganile, mjane wa Gwakisa, kitenge cheusi kichwani. Sasa aliomba ruhusa, akapewa.

“Hizo dakika nyingine zote,” aliuliza, “ulikuwa unafanya nini?”

Tusajigwe angeweza kusema kwamba alikuwa anahakikisha. Majalada yalikuwepo, kikombe kilikuwepo.

“Nilikuwa nafurahi, mama.”

Mwandishi wa baraza alisimamisha kalamu, akamtazama mwenyekiti. Ni Atuganile aliyesema, bila kupandisha sauti:

“Andika hivyo hivyo alivyosema.”